Mifupa Imewataja Mabibi

Kusini mashariki ya Unguja, nyuma ya kijiji cha Jambiani, njia ya mawe inapenya vichaka hadi kwenye pango la Kuumbi. Wenyeji wanalijua kama pahala pa mizimu, na wapo wanaopeleka ubani na nadhiri zao humo hadi leo. Wanaakiolojia wanalijua kwa tabaka za udongo wake. Za chini kabisa zina umri wa miaka 20,000 hivi, zama ambazo maji ya bahari yalikuwa yameshuka sana na Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Humo imefukuliwa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao kisiwa kimeshawasahau. Katika tabaka za juu yalipatikana mabaki ya mtu aliyeishi yapata miaka 1,300 iliyopita. Jina lake limepotea. Nasaba yake imesomwa.

Usomaji huo ulitangazwa mwaka 2017 katika jarida la kisayansi la Cell, kazi ya Pontus Skoglund na wenzake waliochunguza vinasaba, au DNA kama wengi tunavyoiita, vya watu wa kale kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Mtu wa Kuumbi hakuwa Mwarabu wala Mshirazi, na hata Mbantu hakuwa. Alitoka katika kizazi cha wawindaji na wachuma matunda wa kale wa Afrika Mashariki, watu ambao Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wana undugu nao, na ambao kwa mbali zaidi wanakutana na mababu wa Wasan wa Kalahari.

Ukiiweka tarehe yake kando ya tarehe nyingine za kisiwa, mambo yanakuwa makubwa. Karne ya 7 bandari ya Unguja Ukuu, upande wa pili wa kusini, ilikuwa tayari na watu wanaoishi kwa bahari. Mwanaakiolojia wa Zanzibar Abdurahman Juma, aliyechimba pale katika miaka ya 1990 na kuandika tasnifu yake iliyotoka Uppsala mwaka 2004, alionesha mji wenye vyungu vya udongo vya wenyeji kwa wingi, na pamoja navyo vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka Ghuba ya Uajemi, shanga za vioo na vigae vya Uchina. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja, mwendo wa siku moja kwa miguu, palikuwa na mwindaji wa Kuumbi na mfanyabiashara wa Unguja Ukuu, na huenda moshi wa mmoja ulionekana na mwenziwe.

Pemba ina habari ya namna hiyohiyo katika pango la Makangale, kaskazini ya kisiwa. Uchunguzi uleule wa 2017 ulisoma watu wawili kutoka pango hilo. Wa kwanza, wa miaka 1,400 iliyopita, ni mwindaji kama yule wa Kuumbi. Wa pili, wa miaka 600 iliyopita, vinasaba vyake ni vya Kibantu, na alama ya wale wawindaji haikuonekana kwake. Katika kipindi cha miaka 800 pango lilibadilisha watu. Kila ninaposikia mabishano ya nani mwenyeji halisi wa visiwa hivi, namfikiria yule wa kwanza wa Makangale, ambaye hana chama, hana ukoo unaomdai na hana hata mtu wa kumwombea dua kwa jina lake.

Lakini habari iliyotikisa zaidi ilikuja tarehe 29 Machi 2023, katika jarida la Nature. Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, Stephanie Wynne-Jones, Jeffrey Fleisher na wenzao wengi walitoa matokeo ya watu 80. Wengi wao walizikwa katika miji sita ya mwambao kati ya mwaka 1250 na 1800: Manda na Faza katika visiwa vya Lamu, Mtwapa kaskazini ya Mombasa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wengine walitoka Makwasinyi, ndani ya bara, katika nchi ya Wataita, na hao waliwekwa ili walinganishwe na watu wa pwani. Haikuwa kazi nyepesi. Joto na unyevu wa pwani yetu huvila vinasaba haraka, na mara nyingi pahala pekee panapobakiza kitu ni ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani.

Ili kuyaelewa matokeo inabidi kujua vitu viwili. Sehemu kubwa ya vinasaba vya mtu ni mchanganyiko wa baba na mama. Lakini iko sehemu ndogo, ile ya mitokondria, ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, na mama aliipata kwa mama yake, na hivyohivyo kurudi nyuma bila ya mwanamume kuingia kati. Na iko kromosomu Y, ambayo mtoto wa kiume huipokea kwa baba, na baba kwa babu. Kwa hiyo mfupa mmoja unaweza kuulizwa maswali mawili mbali mbali: kwa upande wa kuumeni umetoka wapi, na kwa upande wa kukeni umetoka wapi.

Wataalamu walipouliza hivyo, majibu hayakufanana. Kwa upande wa mama, karibu mifupa yote ilijibu Afrika. Kwa upande wa baba, mingi ilijibu Asia. Ukichukua vinasaba vyote kwa jumla, kwa wengi wa watu wale wa miji ya mwambao zaidi ya nusu ilitoka Afrika, na sehemu kubwa iliyobaki, mara nyingine hata kupita nusu, ilitoka ng'ambo ya bahari. Katika sehemu hiyo ya Asia, kati ya asilimia 80 na 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi, na kiasi kidogo kilikuwa na asili ya Bara Hindi. Baada ya mwaka 1500 hivi mkondo ukageuka: damu iliyoendelea kuingia ilizidi kuwa ya Arabuni.

Tarehe ya kuchanganyika nayo ilipatikana. Kila kizazi, vipande vya vinasaba vinavyotoka kwa babu mmoja hukatika vikawa vifupi zaidi, mithili ya jora la kitambaa linalogawiwa warithi, na warithi wao, na warithi wa hao. Ukipima urefu wa vipande unaweza kukadiria jora lilianza kukatwa lini. Jibu lilikuwa yapata mwaka 1000. Ni wakati uleule ambao Uislamu ulikuwa unaenea katika miji ya pwani kwa kishindo. Sisi wa Unguja tuna ushahidi wa jiwe wa zama hizo: msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi pembeni ya kibla yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale ya mwanzo yamebaki, yamechongwa kwenye matumbawe kwa mtindo unaofanana na kazi za Siraf, bandari ya Uajemi.

Kwa muda mrefu wasomi walikuwa wakivutana. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliiona miji hii kama kazi ya wageni waliokuja na ustaarabu wao kutoka ng'ambo. Baadaye Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akaonesha kitu kingine. Chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti ya miti, mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8, mdogo, ndani ya kijiji cha wenyeji ambacho kilikua pole pole mpaka kikawa mji. Wanaisimu nao walikuwa wameshasema kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa mifupa na kwa nyama yake, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Hoja ya wenyeji ikashinda, na ilistahili kushinda. Lakini baadhi yetu tukavuka mpaka. Tukaanza kusema kuwa habari ya Washirazi ni hekaya tupu, kwamba watu wa pwani walijitungia mababu wa Kiajemi ili waonekane bora mbele ya Waarabu na mbele ya Waingereza.

Mifupa imewarudishia heshima wazee waliosimulia. Katika historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16, mfalme wa Shiraz na wanawe sita waliondoka kwa merikebu saba, kila moja ikatua pahala pake: moja Mombasa, moja Pemba, ya sita Kilwa, ya mwisho Nzuwani. Hapana anayelazimika kuamini hesabu ya merikebu. Lakini kwamba wanaume kutoka Uajemi walifika, wakaishi na wakazaa katika miji hii yapata mwaka 1000, hilo sasa limethibitika. Pemba yenyewe ilikuwa imeshatoa dalili. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za karne ya 11, na kati ya majina ya watawala yaliyogongwa humo limo la Ali bin al-Hasan, jina la yule ambaye Kilwa inamkumbuka kuwa mtawala wake wa kwanza.

Hadi hapo ni habari ya akina baba, na akina baba tumekuwa tukiwataja siku zote. Shajara za koo zetu huandikwa fulani bin fulani bin fulani. Kinachonigusa mimi katika kazi hii ya 2023 ni upande ambao haukuandikwa.

Historia ya Kilwa ya Kiarabu inaeleza kuwa Ali alikinunua kisiwa kwa vitambaa, vya kutosha kukizunguka chote. Masimulizi ya Kilwa Kisiwani yaliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 20 yana jambo la ziada: mgeni Mshirazi alimwoa binti wa Mrimba, mkubwa wa kisiwa, na kutoka kwenye ndoa hiyo ndipo utawala ulipohamia kwa mtoto wao. Na Mreno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552, anasema huyo Ali mwenyewe alikuwa mtoto wa mama Mhabeshi, na ndugu zake wa baba walimdharau kwa sababu hiyo, ndipo akaamua kuhama. Kwa hiyo hata katika hadithi inayotumika kuthibitisha asili ya Uajemi, mwanamke wa Afrika yupo mara mbili: kama mama wa mwanzilishi na kama mke wake.

Nakala ya Kiarabu ya historia hiyo iliyopo leo Uingereza ilitoka hapa hapa Mji Mkongwe. Sayyid Barghash ndiye aliyempa John Kirk, balozi wa Uingereza, naye akaipeleka London. Barghash pia mama yake alikuwa Mhabeshi, suria wa Sayyid Said. Sultani mtoto wa mama Mhabeshi akatoa zawadi hadithi ya sultani mtoto wa mama Mhabeshi.

Jina hilo la suria linanilazimisha nisimame, kwa sababu hapa ndipo watu wengi waliosoma matokeo ya 2023 walipopita mbio. Ukiona baba wa Asia na mama wa Afrika, vizazi kwa vizazi, unaona ndoa au unaona utumwa? Vinasaba havina cheti cha ndoa. Unguja ya karne ya 19 inajua vizuri namna mtoto alivyoweza kuzaliwa na baba mwenye nyumba na mama aliyenunuliwa. Watoto wote wa Sayyid Said waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na juu yake likajengwa kanisa la Kianglikana. Kwa sheria mtoto wa suria alikuwa huru na alichukua nasaba ya baba; mama akabaki nje ya shajara. Ndani ya nyumba zenye milango ya nakshi za Shangani na Malindi walikaa wanawake wa Kinyasa, Kizigua, Kimanyema na Kihabeshi ambao wajukuu wao leo wanajua jina la babu wa saba na hawajui la bibi wa tatu.

Basi kwa nini mwaka 1000 nisiusome kwa miwani ya mwaka 1850? Kwa sababu ushahidi uliobaki unaelekea kwengine. Kama wageni wangekuja kama mabwana wa kushinda na kuteka, ningetegemea kuona lugha yao ikitawala, vyungu vyao vikijaa jikoni, na wenyeji wakisukumwa pembeni. Haikuwa hivyo. Watoto wa baba Mwajemi waliongea lugha ya mama. Walipikiwa katika vyungu vya mama. Walikula mtama na uwele uliolimwa na watu wa mama, na mchele ukaingia kidogo kidogo. Kusimba na wenzake wanasema hivyohivyo: wanaume wa Kiajemi waliingia katika koo za wenyeji waliokuwa na biashara yao na heshima yao, wakafuata mila walizozikuta. Katika miji mingi ya Waswahili mume huhamia kwa mke, nyumba ya mawe hupewa binti anapoolewa, na mgeni anayetaka mzigo, bandari na dhamana hana budi kupita kwa baba mkwe. Mwanamke ndiye aliyekuwa ardhi. Hata utawala haukumkataa. Wareno walipokuwa wakiondoshwa pwani hii karne ya 17, Unguja ilikuwa chini ya malkia, Mwana Mwema.

Na kuna ushahidi mwengine uliojificha ndani ya takwimu, ambao naona ni mzuri kuliko wote. Sehemu ya Afrika ya watu wa Mtwapa haifanani sawasawa na sehemu ya Afrika ya watu wa Kilwa. Ya Mtwapa ina Ubantu uliochanganyika na damu ya wafugaji wa zamani wa Kikushi, kama ile ya watu wa Makwasinyi. Ya Kilwa ni ya Kibantu bila mchanganyiko huo. Maana yake ni kwamba hapakuwa na kundi moja la Waswahili walioumbwa pahala pamoja kisha wakasambazwa pwani kwa jahazi. Kila mji ulizaliwa na mama zake wa jirani. Mtu wa Mtwapa na mtu wa Kilwa waliswali kuelekea kibla kimoja na kusikilizana kwa lugha, lakini bibi zao walitoka vijiji tofauti, kila mmoja katika bara la nyuma ya mji wake.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Wagothi, watu wa Ulaya waliokuja kuiteka Roma mwaka 410, nao walikuwa na hadithi yao ya merikebu. Jordanes, aliyeandika katikati ya karne ya 6, anasema walitoka kisiwa cha Scandza kwa merikebu tatu. Wanahistoria wakabishana kama sisi tulivyobishana. Kisha yakachunguzwa makaburi ya kale ya Kowalewko, nchini Poland, ya utamaduni unaohusishwa na Wagothi wa mwanzo, na ikaonekana kuwa wanaume wanaelekea watu wa kaskazini ya Ulaya, na wanawake wana asili iliyochanganyika kwa namna nyingine. Hadithi ya merikebu ilikuwa na chembe ya kweli huko pia, na huko pia iliwasahau wanawake.

Tofauti ni kwamba Wagothi hawapo tena wa kudhuriwa na majibu. Sisi tupo.

Mtu asiyeijua Zanzibar anaweza kudhani suala la asili ni la maktaba. Wazee wetu walioishi zama za siasa wanajua lilivyoingia jikoni. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa makundi, Waarabu, Wahindi, Washirazi, Waafrika, na makundi hayo yakaamua vitu vya kila siku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulifuata makabila hayo, na kundi la mtu lilikuwa na maana ya mchele au mahindi. Hata kabla ya vita hivyo, kutoka sensa ya 1924 hadi ya 1931 watu wengi mno waliacha kujiandikisha Waswahili na kujitaja kwa majina mengine. Mwezi Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi Party, na hata jina la chama lilikuwa na kistariki kati ya asili mbili. Juni 1961 uchaguzi ulimalizika kwa machafuko yaliyoua watu 68. Miaka miwili na nusu baadaye yakaja Mapinduzi, na watu wengi waliuawa kwa sababu ya jina la babu.

Nikiangalia matokeo ya maabara huku nikikumbuka hayo, naona kile kistariki kilikuwa ndani ya mwili wa kila mmoja wa wale waliozikwa Mtwapa. Mtu aliyesema "mimi ni Mshirazi" hakuwa mwongo. Mtu aliyesema "mimi ni Mwafrika" hakuwa mwongo. Mara nyingi walikuwa mtu mmoja, ametajwa kwa upande wa baba au kwa upande wa mama. Tulichinjana kwa nusu za jibu.

Ndiyo maana nina hofu na namna habari hizi zinavyoanza kutumika. Nimeshasikia vijana barazani wakipimana kwa asilimia, huyu akisema sayansi imethibitisha Uajemi wake, yule akijibu kuwa sayansi imethibitisha Uafrika wake. Yafaa wakumbushwe mambo mawili. La kwanza, makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya wakubwa, waliozikwa karibu na misikiti na katika maziara ya mawe. Wavuvi, wakulima na watumwa wa miji ileile walizikwa kwengine, na hesabu ya asilimia haiwasemi wao. La pili, utafiti wa 2023 haukuwa na kaburi hata moja la Unguja wala la Pemba. Aliyezikwa Mtwapa mwaka 1600 hawezi kutoa ushahidi wa ukoo wa mtu wa Darajani leo. Baada ya hapo wamekuja Waomani, Wahadhrami, Wangazija, Wahindi wa Kachchh na Gujarat, na maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Ziwa Nyasa, Tanganyika, na mashariki ya Kongo, wengi wao wakiwa kwenye minyororo. Ng'ambo ya Mji Mkongwe ilijengwa na hao. Ukitaka kuwapima Waunguja kwa Washirazi wa Kizimkazi utakuwa umewafuta watu wa Kikwajuni na Kisiwandui.

Tena Uswahili haujawahi kuingiwa kwa damu. Tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kila Julai. Kalenda yake ni ya jua, ya Nairuzi, na hapana shaka imetoka Uajemi. Lakini wanaopigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka, wanaochoma kibanda, na wanawake wanaozunguka wakiimba nyimbo za vijembe ni Wamakunduchi, na mambo wanayoyafanya hayafanywi Shiraz. Mgeni aliyehamia kijijini na kupewa mke hula na kuimba pamoja nao. Baada ya vizazi viwili hakuna anayemwita mgeni.

Nataka Unguja nayo isomwe, lakini kwa utaratibu wenye adabu. Mtwapa imetoa mfano. Kusimba alifanya kazi pale miaka mingi, akakaa na wakazi hadi wakaridhia makaburi yafunguliwe, na mabaki yakachunguzwa, yakachukuliwa sampuli na kuzikwa upya katika msimu uleule wa kazi. Hilo ndilo liwe sharti la chini kabisa kwa magofu ya Makutani kule Tumbatu, mji ambao Yaqut al-Hamawi aliutaja mwanzoni mwa karne ya 13, akisema watu wa Unguja walihamia huko na kwamba ni Waislamu. Mtu wa Jongowe anayepita karibu na makaburi yale kila siku aulizwe kabla ya kitu chochote kuguswa, na matokeo asimuliwe yeye kwanza, kwa Kiswahili, kabla hayajachapishwa kwa lugha asiyoisoma. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wafunzwe kazi ya maabara yenyewe, wasibaki kuwa wabeba koleo na wakalimani wa wataalamu wanaoondoka na masanduku.

Skuli nazo zina la kufanya. Mtoto wa darasa la sita anafundishwa merikebu saba au anafundishwa kuwa merikebu saba ni uongo, kutegemea mwalimu wake alisoma lini. Sasa anaweza kufundishwa habari kamili: kwamba wapo waliofika kwa pepo za kaskazi, na wapo waliowapokea, na kwamba hao wa pili ndio waliompa lugha anayosomea.

Jumba la Beit al-Ajaib liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Ndani yake ndimo yalimokuwa makumbusho ya historia ya Zanzibar na pwani ya Waswahili, na mtepe mkubwa ulioshonwa kwa kamba ulisimama katikati ya ukumbi, ukimwambia kila aliyeingia kuwa sisi tumeanzia baharini. Matengenezo yakikamilika na maonesho yakipangwa upya, naomba Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale isiuweke mtepe mwanzo. Mwanzo awekwe yule wa Kuumbi, na pembeni yake wale wawili wa Makangale. Wafuatie wanawake wa Mtwapa na Kilwa, wakielezwa vijiji vya bara walikotoka watu wao. Mtepe uje baada yao, maana ulipotia nanga uliwakuta.